Maswali ya Wasomaji: Treni ya mfalme wa Kutch, na kreti ya soda ya Isevya

SWALI: Mhariri shikamoo. Hapa Tabora mjini kuna mzee wetu ana duka la vipuri, asili yao ni Wakachi, yaani watu wa Kutch, tukikaa barazani kwake anapenda kusema kule kwao India babu zake walikuwa wanapanda treni ya mfalme, siyo ya Mwingereza, yaani mfalme kajenga reli mwenyewe na nauli inaingia kwake. Mimi nikamwambia mzee hiyo ni chai, India nzima ilikuwa ya Mwingereza mpaka 1947. Tumewekeana kreti ya soda. Tuamulie. (Msomaji, Isevya, Tabora)

JIBU: Marahaba. Kanunue soda.

Mwingereza hakuikalia India yote moja kwa moja. Zaidi ya milki 500 zilibaki na wafalme wao, kubwa kwa ndogo, zingine ni kama nchi kamili na zingine kijiji na mashamba yake, na utaratibu ulikuwa wa mikataba, Mwingereza anashika mambo ya nje na ulinzi, na huko kwa mfalme anaweka mwakilishi wake wa "kushauri", ila hazina na kodi na mahakama ni za mfalme. Kwa hiyo mfalme mwenye hela akitaka reli anajenga, mradi wakubwa wasikatae. Na walijenga kweli: Bhavnagar walikuwa na yao toka 1880, Jodhpur 1882, Morvi 1890, hizo ni chache tu.

Kutch ni mojawapo ya hizo milki, na Wahindi wengi wa pwani na wa huku bara asili yao ni huko au jirani hapo Kathiawar. Mfalme wao anaitwa Maharao, makao yake Bhuj, na huyo wa reli ni Khengarji wa Tatu, alitawala zaidi ya miaka 60 mpaka alipofariki 1942. Treni yake ilianza 1905 kutoka bandari ya Tuna mpaka mji wa Anjar, halafu 1908 ikafika Bhuj. Ni kareli kafupi tu, Tuna mpaka Bhuj hapafiki hata Tabora mpaka Urambo, na ni kembamba, upana kati ya chuma na chuma ni milimita 762 wakati hii yetu ya zamani ni 1,000. Lakini ni ya mfalme kweli kweli.

Sasa na mzee naye mbane kidogo kabla hujafungua kreti. Muulize babu alipandia jahazi wapi. Kama alitoka Bhuj au Anjar akashukia Tuna, na ilikuwa 1908 kuja mbele (kwa wa Anjar 1905), sawa, inawezekana kabisa alipanda. Ila Wakachi wengi waliokuja Zanzibar na kwetu waliondokea Mandvi, ile ndo bandari yao kongwe ya majahazi, na reli ya Maharao haikufika Mandvi. Akikwambia babu alishuka kwenye treni Mandvi akaingia jahazini moja kwa moja, hapo dai nusu kreti irudi.

Kitu ambacho mimi kinanivutia zaidi kwenye hiyo reli ni kwamba haikuungana na reli yoyote ya India. Ilitoka bandarini kwa mfalme ikaenda mjini kwa mfalme, basi, na katikati ya Kutch na wengine kuna lile jangwa la chumvi linaloitwa Rann, mvua ikinyesha linageuka maji matupu. Mpaka Maharao anafariki ilikuwa hivohivo. Ilibidi India igawanyike 1947, Karachi iende Pakistan, India ijikute upande ule haina bandari kubwa, ndo Kandla pale pale Kutch ikapanuliwa, na mwaka 1952 ikafunguliwa reli ya kuvuka kuunganisha Kutch na sehemu nyingine za India. Kwa mfalme wa Kutch reli ilikuwa ya kwenda baharini. Delhi haikumhusu.

SWALI: Kama wafalme wa Kihindi waliweza, mbona watemi wetu hawakujenga hata ya kwenda shambani? Na hii reli ya kati nani alitoa hela? (Msomajiwenu, Mwanga, Kigoma)

JIBU: Mdogo wangu, usije ukadhani kutoa hela ndo kuwa na sauti. Ngoja nikupe habari ya Nizam, yaani mfalme wa Hyderabad kule India, ndo utaelewa, manake huyo alikuwa tajiri kuliko wote na bado alibanwa.

Reli kubwa ya kutoka Bombay kwenda Madras ilipita pembeni ya Hyderabad, sehemu inaitwa Wadi. Waziri mkuu wa Nizam, Salar Jung, ndo alisimamia mradi wa kuivuta kutoka Wadi mpaka mjini, na hela ikatoka kwa Nizam. Treni ikafika mwezi wa kumi 1874, na ilifika Secunderabad, yaani pale pale kwenye kambi ya jeshi la Mwingereza. Na upana haukuwa ule wa bei nafuu wa mita moja, ulikuwa milimita 1,676 sawa na wa reli kubwa za Mwingereza, ili behewa la askari lipite toka Bombay bila kushusha mtu. Mimi sioni namna nyingine ya kuisoma hiyo: mlipaji ni mmoja, na anayechagua njia ni mwingine.

Halafu ikaja 1883. Kampuni ikaundwa London kuichukua hiyo reli na kuiendeleza, na Nizam akawekeana nao mkataba kwamba wenye hisa watapata riba ya asilimia 5 kwa miaka 20 treni ijae isijae. Biashara ikiyumba hazina ya Hyderabad inafidia, mwenye hisa kule London analala usingizi. Ndo maana hata jina la reli likawa na neno la dhamana ndani yake, Nizam's Guaranteed State Railway. Siyo kwamba haikuleta kitu, hapana, ilifika Warangal, ikashuka mpaka Bezwada 1889, makaa ya mawe ya Singareni yakapata njia ya kutoka, na baadae wakaongeza ya mita moja mpaka Manmad. Ila ilibidi wasubiri mpaka 1930 ndo serikali ya Nizam ikainunua yote ikawa yake. Na walipoipata hawakuzubaa, 1932 idara hiyohiyo ya reli ikaanzisha mabasi 27, na mabasi ya serikali ya kule mpaka leo ukifuatilia ukoo wake unaishia hapo.

Sasa rudi kwetu. Unyanyembe, milki ya mtemi hapa Tabora, ilikuwa na utawala, ilikuwa na ushuru wa misafara, ilikuwa na watu wanaojua njia ya pwani kuliko mtu yeyote. Lakini Mjerumani hakuja na mkataba wa kumwachia mtemi hazina. Mtemi wake Isike alipigana nao mpaka ngome yake ikaangukia mikononi mwao Januari 1893 na akafa humo, na baada ya hapo hakuna hazina ya mtemi ya kujengea hata daraja. Reli ilipoanza Dar es Salaam 1905 ilikuwa ya kampuni ya mabenki ya Kijerumani, serikali yao ikiwadhamini riba, ule mchezo wa Nizam kasoro Nizam mwenyewe. Ikafika Morogoro 1907, Tabora 1912, na kwenu Kigoma Februari 1914, kama kilomita 1,250 hivi. Wanyamwezi walitoa mikono kwa maelfu. Hisa hatukuulizwa.

SWALI: Eti kuna treni ilikuwa inavutwa na ng'ombe? Naona mtandaoni watu wanabishana. (Dada wa Ujiji)

JIBU: Ni kweli dada. Ni kwa mfalme wa Baroda, Khanderao Gaekwad, 1862, kutoka Dabhoi kwenda Miyagam. Chuma walizotandika zilikuwa nyepesi, kichwa cha moshi kingezikunja, kwa hiyo maksai wakafungwa mbele ya mabehewa na safari ikaendelea. 1873 wakatandika reli nzito zaidi. Usicheke sana lakini, Dabhoi hiyohiyo baadae ikawa makutano makubwa ya reli nyembamba ambayo watu wa treni duniani kote wanaijua. Kama unataka cha kucheka nenda Gwalior, Maharaja wa kule aliweka kitreni cha madini ya fedha juu ya meza ya chakula, inazunguka na vinywaji na sigara mbele ya wageni. Huyo pia alikuwa na reli ya kweli, ya futi mbili tu upana, na kipande chake cha kwenda Sheopur kimebeba watu mpaka 2020.

Hizi za wafalme nyingi zilimezwa na serikali baada ya uhuru. Za Kutch na Kathiawar na Baroda ziliingia kwenye Western Railway tarehe 5 Novemba 1951, ya Hyderabad ikaenda Central Railway siku hiyohiyo.

Na kwa wale wanaouliza inatuhusu nini sisi: India ilibaki na maelfu ya kilomita za reli ya mita moja, zingine zikiwa kwenye nchi za hao wafalme, kwa hiyo viwanda vyao vikawa vinatengeneza vichwa vya upana huo. Mwaka 1976 kiwanda cha Varanasi kiliuza nje kichwa cha dizeli kwa mara ya kwanza, na kilikuja Tanzania, kikakaa kwenye reli ya Mjerumani bila kubadilishwa hata tairi.