Maswali ya Wasomaji: Timbo la Bamburi lilivyogeuka msitu

*Swali: Ndugu mhariri, tulipopeleka wanafunzi Haller Park, Mombasa, tuliambiwa tumesimama ndani ya timbo la zamani. Sisi tuliona miti na twiga tu. Hilo timbo lilikuwa upande gani, na mawe yalichimbwa ya nini? — Mwalimu, Voi*

Mwalimu, mlikuwa mnatembea sakafuni mwake. Kiwanda cha saruji cha Bamburi kilianza uzalishaji mwaka 1954, na saruji haipikwi bila mawe mengi ya chokaa. Mwamba wa pale ni chokaa ya matumbawe ya kale, yaliyokua miaka 125,000 hivi iliyopita, enzi ambayo bahari ilikuwa juu kuliko leo. Maji yaliposhuka, mwamba ukabaki nchi kavu, karibu na uso wa ardhi, tayari kuchimbwa.

Mkirudi, waacheni twiga kidogo mtazame kingo. Mahali ardhi inapokatika ghafla na kuwa ukuta wa jiwe, huo ndio mpaka wa uchimbaji. Sogeeni karibu: kwenye jiwe mtaona maumbo ya mviringo yenye mikunjo na vipande vya makombe. Mabwawa nayo ni ushahidi. Kwa sehemu kubwa hayo ni maji ya ardhini yaliyojitokeza pale wachimbaji walipofika chini mno.

*Swali: Nimesoma kwamba walijaribu aina nyingi za miti ikafa. Kwa nini mti wa mvinje (casuarina) ukapona? — Mwanafunzi wa misitu, Morogoro*

Kazi ya kuotesha miti timboni Bamburi ilianza mwaka 1971 chini ya René Haller, Mswisi aliyekuwa akisimamia bustani na mashamba ya kiwanda. Aina 26 zilijaribiwa, zikasimama tatu: mvinje, mnazi, na damas, mti wenye asili ya Somalia na nchi jirani. Wengi husema shida ilikuwa ukosefu wa udongo. Udongo ni nusu tu ya maelezo. Sakafu ya timbo ilikuwa jeupe, kavu, yenye joto kali mchana, na chini yake kidogo tu yapo maji ya chumvichumvi. Mzizi usioweza chumvi ukiyafikia, mti unanyauka hata kama juu umejaza samadi.

Mvinje unavumilia chumvi, na mizizini mwake wanaishi bakteria wanaoitwa Frankia, wanaochukua naitrojeni hewani na kuulisha mti. Ndiyo maana unaweza kuanza maisha kwenye jiwe.

Hapo likazuka tatizo la pili, ambalo kwa maoni yetu ndilo lenye somo kubwa kuliko yote ya Bamburi. Majani ya mvinje yalianguka na kurundikana bila kuoza. Ni makavu, magumu, na wadudu wengi hawayagusi. Jongoo wa pwani wenye miguu myekundu walionekana wakiyala, basi wakakusanywa kwa mamia na kuachiwa humo. Jongoo anatafuna, kinyesi chake kinashambuliwa na bakteria, na tabaka jembamba la udongo mweusi likaanza kujengeka. Miti ya asili ilipandwa baadaye, juu ya udongo huo. Wanyama wanaovuta watalii, pamoja na yule kiboko Owen aliyeletwa baada ya tsunami ya Desemba 2004, walikuja kuishi katika kazi ya jongoo.

*Swali: Tuna timbo la matofali ya mawe la ekari moja Kilifi, limeachwa. Mzee wetu anataka tulijaze taka tupate kiwanja. Mimi nataka miti. Nianzie wapi?*

Mwambie mzee kwa adabu kwamba taka hazifai. Mwamba wa matumbawe una matundu kila mahali, na maji machafu yatateremka hadi kwenye visima vya majirani.

Anza na maji. Toboa shimo sehemu ya chini kabisa, upime kina cha maji siku za bamvua, maji yakiwa yamejaa, kwa sababu karibu na bahari maji ya ardhini hupanda na kushuka pamoja na bahari. Pasipo na angalau mita moja ya mwamba juu ya maji, usipande miti ya matunda.

Mbegu: chuma vitunda vya mvinje vinapoanza kugeuka kahawia, kabla havijafunguka, uvianike juu ya kitambaa siku tatu nne. Mbegu ni nyepesi na hazikai sana, kwa hiyo zipande mapema juu ya mchanga na uzifunike milimita chache tu. Nyunyiza majivu kuzunguka kitalu, maana sisimizi huzibeba zote usiku mmoja. Wiki mbili hivi utaona miche. Unapoihamishia kwenye mifuko, changanya konzi ya udongo kutoka chini ya mvinje mkongwe. Wengi huruka hatua hii, kisha wanashangaa miche ikiwa ya manjano. Kabla ya kupanda, fungua mfuko mmoja: usipoona vifundo kwenye mizizi, bakteria hawajaingia.

Shimo liwe sentimita 40 kila upande, na chini yake upasue jiwe kwa mtaimbo hadi lipate nyufa. Shimo la juujuu huotesha mti vizuri miaka michache, kisha kusi linauangusha na mizizi yake kama sahani. Kila shimo linameza madebe matatu hivi: mawili ya udongo, moja la samadi iliyooza. Ukiacha mita 2.5 kati ya miti, ekari nzima ni miche kama 650, na udongo wake ni gharama. Anza na robo, miche 160 na madebe karibu 500. Panda masika yakianza. Kiangazi cha kwanza mwagilia maji matamu, maana mche hauvumilii chumvi kama mti mkubwa. Na usiukate mvinje ukitarajia uchipue vizuri kwenye kisiki. Ukipunguza, panda upya.

*Swali: Madimbwi ya timbo letu yana chumvi. Kuna haja ya kuhofia malaria? — Mama wa watoto watatu, Msambweni*

Ipo, mama. Pwani yetu ina mbu wa malaria, Anopheles merus, anayezaa katika maji ya chumvichumvi. Dimbwi dogo la msimu lijaze kifusi. Lile la kudumu litie tilapia wanaohimili chumvi hiyo, na ung'oe majani ya kingoni, kwa kuwa viluwiluwi vya mbu hujificha humo samaki wasipofika.