Mwalimu wa Kwaya Anajibu: Ngoma Inamfundisha Nini Mwanangu?

Shikamoo mwalimu. Mwanangu wa darasa la nne kila Jumatano anabaki shuleni kucheza ngoma, na hisabati imeshuka. Nasikia muziki unaongeza akili, ni kweli? – Mama wa watatu, Buhongwa

Marahaba, mama. Hilo sikuuzii. Maneno hayo yalivuma baada ya utafiti wa mwaka 1993 huko Marekani: wanafunzi wa chuo kikuu, wala si watoto, walisikiliza Mozart dakika 10, wakafanya vizuri kidogo kwenye mafumbo ya maumbo. Faida yenyewe iliyeyuka ndani ya robo saa. Hisabati itafutie muda wake. Ila ngoma usimtoe. Pale anajifunza kumsubiri mwenzake, jambo ambalo daftari haliwezi.

Binti yangu ana miaka tisa, ana haya mno, darasani hanyooshi mkono. Walimu wanataka aingie kwaya. Si ndiyo atazidi kujificha? – Baba, Igoma

Atajificha, na ndicho anachokihitaji kwa sasa. Katikati ya sauti ishirini mtoto anatoa yake bila mtu kumgeukia.

Nilikuwa na mmoja wa hivyo. Muhula mzima alisimama safu ya nyuma, midomo inacheza, sauti haitoki. Nikampa manyanga, aingie baada ya mapigo manne ya ngoma kubwa. Siku ya kwanza aliwahi, wenzake wakacheka, akayaficha manyanga nyuma ya sketi. Mpiga ngoma, mtundu aliyeshindikana shule nzima, akamwambia, "We niangalie mkono tu." Akawa anamwangalia mkono. Haukupita mwezi, yule yule binti akawa anamkemea mtundu wangu: "Unakimbiza!"

Kwenye utafiti wa mwaka 2010, watafiti Kirschner na Tomasello huko Leipzig, Ujerumani, waliwachezesha watoto 96 wa miaka minne, wawili wawili. Baadhi waliimba na kupiga ala pamoja, wengine wakacheza mchezo huohuo bila muziki. Baadaye gololi za mwenzao zilipomwagika, walioimba ndio walioinuka zaidi kumsaidia. Sikushangaa.

Ombi moja, baba: usimwimbishe mbele ya wageni sebuleni. Utaharibu kazi yote.

Nafundisha shule ya msingi Ukerewe. Somo la Sanaa na Michezo limo kwenye mtaala, kinanda hatuna, watoto ni 90. Nianzie wapi? – Mwalimu mwenzako

Kinanda kimoja kwa watoto 90 kingekuletea ugomvi, mwalimu. Sisi huku Usukumani tunaanza na bugobogobo: majembe mkononi, ngoma inapiga, mstari mzima unainuka na kushuka kwa pigo moja, kama watu walivyokuwa wakilima. Tumia vijiti badala ya majembe, vidole vya miguu vipone. Nanyi Wakerewe mna zenu. Muombe bibi mmoja wa jirani aje aongoze, watoto watamsikiliza kuliko wewe.

Gawa makundi matatu, wapigaji, waimbaji na wachezaji, na kila kipindi wabadilishane. Hapo usilegeze. Bingwa wa ngoma lazima naye apotee kwenye hatua mbele ya wale anaowacheka. Ndoo ya plastiki inatosha kuanzia. Ukipata ngoma ya ngozi, waachie watoto kazi ya kuianika juani kabla ya kipindi, maana unyevu wa ziwa unailegeza. Mtoto aliyeipasha hakubali mwenzake aikalie.

Kwaya yao ikishindwa kwenye mashindano, mwanangu analia siku mbili. Nimtoe? – Mama, Kirumba

Usimtoe. Mwezi Juni, wakati wa Bulabo, sherehe ya ngoma za Wasukuma, mpeleke kwenye makumbusho ya Bujora pale Kisesa. Bagika na Bagalu, makundi mawili ya ngoma yenye upinzani, wanacheza kwa wakati mmoja, na anayevuta watu wengi ndiye mshindi. Msimame upande unaokimbiwa. Aone umati unavyohama, na wale wachezaji wanavyozidi kukanyaga vumbi.