Je, kubaki kocha msaidizi ni kushindwa?

Ndugu yangu, umeuliza kama kocha msaidizi wa timu ya mpira wa kikapu ya wanawake ya chuo kikuu, akikaa miaka mingi bila kupewa timu yake mwenyewe, ahesabiwe kuwa amekwama. Mimi nadhani hapana, na mfano wangu ni Chris Dailey wa chuo kikuu cha Connecticut, Marekani.

Dailey alikuwa mchezaji wa chuo kikuu cha Rutgers kilipotwaa ubingwa wa taifa wa AIAW (chama kilichosimamia michezo ya wanawake vyuoni wakati huo) mwaka 1982, kisha mwaka 1985 akaambatana na kocha mkuu Geno Auriemma kwenda Connecticut, ambako timu ilikuwa haijulikani kabisa. Hajaondoka tangu hapo. Kufikia mwaka 2025 timu hiyo ilikuwa imetwaa mataji 12 ya NCAA (chama kinachosimamia michezo ya vyuo Marekani), na yeye alikuwa kwenye benchi mara zote 12.

Kazi yenyewe haionekani kwenye televisheni: kuwasaka wasichana wenye kipaji wakiwa bado sekondari, kukaa sebuleni na wazazi wao, kuchambua video za wapinzani, na kusimamia nidhamu ndogondogo, hata ile ya mchezaji kuchomekea fulana mazoezini (jambo ambalo wengine huliona la kitoto, lakini yeye halifanyii mzaha). Auriemma anapokosekana, yeye ndiye huongoza mechi.

Mwaka 2018 aliingizwa katika Jumba la Heshima la Mpira wa Kikapu wa Wanawake, akiwa bado msaidizi.