Vitabu vya mtu aliyetoka kuuza akakabidhiwa timu ya mauzo

Mkuu, umeandika kwamba ulikuwa muuzaji anayeongoza, sasa umepewa timu ya watu sita, na unataka kununua vitabu kumi na viwili. Nimeipitia orodha yako: vingi mno vinafundisha kuuza. Kuuza tayari unakuweza. Kazi uliyopewa ni nyingine kabisa, na usipojifunza hiyo, kila dili ikiyumba utamsogeza kijana wako pembeni uimalizie mwenyewe. Mauzo ya mwezi huo yatapona, ila timu itazoea kukusubiri.

Kwa hiyo cha kwanza kiwe High Output Management cha Andrew Grove, aliyeiongoza Intel, kampuni ya kutengeneza chipu za kompyuta. Kilitoka mwaka 1983 na mifano yake mingi ni ya uzalishaji, lakini usikiache kwa sababu hiyo. Hoja yake kuu ni kwamba kazi ya meneja hupimwa kwa kile kinachozalishwa na timu yake na timu nyingine anazoweza kuzisukuma, si kwa jasho lake binafsi. Sehemu ya vikao vya watu wawili, meneja na mtu wake, isome mara mbili. Grove anasisitiza kuwa kikao hicho ni cha aliye chini yako: yeye ndiye aandae ajenda, na kisipungue saa moja. Mtu mgeni katika kazi umwone kila wiki. Mzoefu anaweza kukaa wiki kadhaa kabla ya kikao kingine. Angalia hapo: uzoefu unaozungumziwa ni wa kazi husika, si umri wala miaka kazini. Muuzaji wa miaka kumi akihamishiwa bidhaa mpya, kwa bidhaa hiyo ni mgeni.

Kinachoharibu vikao hivi ni kuvigeuza kuwa mahakama ya namba. Namba utazisoma kwenye ripoti. Kikaoni chukueni dili moja iliyokwama muulizane: upande wa mteja anayeamua ni nani hasa? Mara ya mwisho alisema nini, kwa maneno yake? Hatua inayofuata ina tarehe ambayo mteja mwenyewe ameikubali? Jibu la tatu likiwa hapana, usiihesabu dili hiyo kwenye makadirio ya mwezi.

Grove pia anataka kila kipimo kiwe na mwenzake wa kukidhibiti. Ukipima idadi ya simu peke yake, wauzaji watapiga simu nyingi zisizo na maana. Iambatanishe na idadi ya miadi iliyofanyika kweli.

Hapo utakuwa tayari kwa Cracking the Sales Management Code cha Jason Jordan na Michelle Vazzana. Ni kikavu kidogo, lakini kina zoezi la thamani kubwa. Waandishi walikusanya vipimo 306 vinavyotumiwa na makampuni, wakavipanga ngazi tatu: matokeo ya biashara, malengo ya mauzo, na shughuli za mauzo. Shughuli ndizo pekee ambazo meneja anaweza kuzisimamia moja kwa moja. Chukua ripoti yako ya mwezi uliopita, andika ngazi pembeni ya kila mstari. Ukikuta karibu yote ni matokeo, basi umekuwa ukisoma habari za jana. Chagua shughuli mbili au tatu, hizo ndizo uzifuatilie kila wiki.

Cha kuuza kibakie kimoja tu, SPIN Selling cha Neil Rackham, 1988, nacho ukisome kama kocha. Kimejengwa juu ya utafiti wa miaka 12 uliochunguza mazungumzo ya mauzo 35,000. Kinaonyesha kwamba mbinu za kumbana mteja aseme ndiyo, zinazofaa kwenye mauzo madogo, hugeuka kikwazo dili inapokuwa kubwa. Maswali anayagawa manne: ya hali ilivyo, ya tatizo, ya athari za tatizo, na ya manufaa ya kulitatua. Fuatana na muuzaji wako kwa mteja, kaa kimya, chora safu nne kwenye karatasi na uweke alama kila anapouliza. Mara nyingi safu ya kwanza hujaa na ya tatu hubaki tupu.

Kisha usimrekebishe yote kwa pamoja. Rackham anashauri kujizoeza tabia moja kwa wakati, kuijaribu angalau mara tatu kabla ya kuihukumu, na kuanzia kwa wateja ambao ukikosea hupotezi kikubwa. Wewe pia tumia kanuni hiyo kwa vitabu vyenyewe.

The Sales Acceleration Formula cha Mark Roberge, aliyejenga mauzo ya HubSpot, kampuni ya programu za masoko na mauzo, kisubiri hadi utakapopata nafasi ya kuajiri. Jaribio lake la kupima kama mtu anafundishika ni zuri: igiza mauziano na mwombaji wa kazi, mwache ajitathmini, mpe marekebisho, kisha arudie palepale. Tazama kilichobadilika kati ya mara mbili hizo. Lakini usinakili alama anazompa mwombaji kwa kila sifa. Zilitokana na wauzaji wake na wateja wake.

Kitabu cha Predictable Revenue kiondoe kwenye orodha kwa sasa. Kinahimiza kutenganisha wanaotafuta wateja na wanaofunga dili. Kwa watu sita, mmoja akiugua, upande mzima unalegea.