Kabla hujanunua neti ya kivuli, litazame jua la saa kumi

Mama yangu alipokuja kukaa nasi Kibada, Kigamboni, kitu cha kwanza alichoulizia ni pa kutandika mkeka nje. Nyumba yetu ni ya bati, vyumba vya nyuma bado havina dari, na kuanzia saa nane mchana ndani hakukaliki. Yeye amezoea kuchambua mchele wake chini ya mwembe, na uani kwetu hakuna hata mti mmoja wa maana. Nikaanza kuhangaika na kivuli, na kwa kazi moja nikaingia mfukoni mara tatu. Naandika ili wewe uingie mara moja tu.

Nilianza na turubai, kwa sababu ndilo rahisi na linapatikana kila duka la vifaa. Kona mbili nikafunga kwenye nondo za dirisha, mbili kwenye mirunda. Kivuli kilipatikana, lakini joto la chini yake lilikuwa lilelile la ndani, maana turubai halipitishi hewa. Moto unanasa hapohapo. Kisha ikaja mvua ya vuli, usiku. Maji yakatuama katikati. Hebu piga hesabu: maji ya kina cha sentimita 10 kwenye eneo la mita moja ya mraba yana uzito wa kilo 100. Asubuhi mrunda mmoja ulikuwa umelala chini na kona ya turubai imechanika kuanzia kwenye tundu la kamba. Namshukuru Mungu halikuwa limeangukia mtu.

Hapo ndipo nilipohamia kwenye neti. Muuzaji atakuuliza unataka ya asilimia ngapi, yaani inazuia kiasi gani cha mwanga. Ya 50 ni ya miche na mboga. Kwa ajili ya watu chukua 80 au 90. Iangalie pia ilivyotengenezwa: kuna iliyofumwa kama fulana na kuna iliyosukwa kama gunia. Omba kipande kilichokatwa, uvute uzi wa ukingoni. Ukichomoka na kuendelea kuchomoka, hiyo itafumuka yote siku fundi akiikata, chukua iliyofumwa. Uliza kama imewekewa dawa ya kuhimili jua, kwa sababu isiyo nayo hukauka na kuanza kupukutika. Na ujue tangu mwanzo kwamba neti haizuii mvua. Ikinyesha, mnaingia ndani.

Neti yenyewe haitakufilisi. Pesa yako iweke kwenye nguzo, na hapa nasisitiza, kwa sababu hapa ndipo wengi tunapobana. Neti inapitisha upepo, lakini si wote. Ukiikaza inakuwa kama tanga, inavuta nguzo mchana kutwa. Fundi wangu wa kwanza alichimba futi moja. Nilipomuuliza akasema, "Dada, hii ni neti tu, haina uzito." Nikamwamini. Kusi ilipoanza kuvuma, nguzo zote nne zikainamia ndani, neti ikalegea na kupigapiga usiku kucha. Udongo wetu ni mchanga mtupu, haushiki kitu.

Safari ya pili tulichimba futi mbili na nusu, tukamwaga zege la ndoo moja ya saruji, mbili za mchanga na nne za kokoto. Nguzo ni mabomba ya chuma ya inchi mbili, yaliyopakwa rangi ya kuzuia kutu kabla ya kusimikwa, kwa sababu kwetu hewa ina chumvi na kutu huanzia pale bomba linapokutana na ardhi. Zege nalo lipandishe kidogo juu ya udongo, ulipe mteremko maji yasitulie kwenye shina la nguzo. Nguzo zilalie nje kidogo, ili neti ikizivuta zisimame wima. Na usikaze kitu kabla ya wiki kuisha, hata fundi akiwa na haraka ya kulipwa. Upande wa nyumba, kulabu zikamate zege la linta, yaani ule mkanda wa zege unaopita juu ya milango na madirisha. Ukizifunga kwenye fishabodi, ule ubao wa ukingo wa paa, itang'oka.

Kwenye kuifunga, usitegemee matundu ya kona peke yake. Mimi niliipeleka neti kwa fundi cherehani anayeshona mahema, akapiga pindo pana pande zote, tukapitisha waya ndani ya pindo. Nguvu inagawanyika kwenye ukingo mzima.

Sasa jua. Hili ndilo ningelitanguliza kama ningelijua. Mara ya kwanza niliweka neti juu sana, mita 3, tambarare. Saa sita mchana ilipendeza. Saa kumi jioni nilimkuta mama amesogeza mkeka mpaka ukutani, miguu bado iko juani. "Mwanangu, jua limenifuata," akaniambia. Uwanja wetu uko magharibi mwa nyumba, na saa hiyo kivuli cha kitu cha mita 3 kinakuwa kimesogea mashariki kwa mita 4 hivi. Kivuli nilichokinunua kilikuwa kimepanda ukutani. Kwa hiyo kabla hujachimba shimo, simika mti wa urefu wa nguzo unayoitaka, utazame kivuli chake kinalala wapi saa ile ambayo watu wako hukaa nje. Kumbuka pia kwamba Dar es Salaam jua la mchana huwa kaskazini mwezi wa sita, na mwezi wa kumi na mbili huwa kusini.

Tuliposimika upya, upande wa magharibi tuliushusha mpaka mita 2 na kitu. Bado jua la jioni lilipenya chini ya ukingo, karibu mita 3 kwenda ndani. Dawa ilikuwa kipande cha neti kilichobaki: tumekining'iniza kwenye ukingo huo kama pazia, kinaishia usawa wa kiuno. Saa tisa mama hukishusha mwenyewe na kufunga kamba zake mbili kwenye nguzo, kisha anarudi kwenye ungo wake. Magharibi ikikaribia anakiviringisha tena juu, upepo wa bahari upite.