Jibu: Mbegu za ua la njano lisilonyauka hazioti

Habari dada. Umesema umepanda mbegu za Xerochrysum bracteatum, hilo ua la njano lisilonyauka, mara mbili hapo Melbourne, unamwagilia kila siku, na hakuna hata moja iliyochomoza. Kwanza nikuulize: ulizifukia? Mimi msimu wa kwanza nilizifukia kama maharage, nikaambulia magugu. Hizi zinataka mwanga ndipo ziote. Zimwage juu ya udongo uliolowana, zikandamize kidogo kwa kiganja, basi. Tumia chupa ya kupulizia, maana maji ya ndoo yatazisomba zote pembeni. Joto likiwa nyuzi 20 hivi, wiki moja au mbili utaona miche.

Zikishaota, acha huruma ya maji. Mmea huu ni wa Australia hukohuko, umezoea jua kali. Kinachouua ni maji kutuama. Kama udongo wako ni mfinyanzi, inua tuta. Mche ukifika kimo cha kiganja, kata ncha. Wengi wanaogopa, wanabaki na fimbo yenye ua moja.

Kama hukuzifukia, tuambie zilikaa kabatini muda gani, huenda zimezeeka. Au omba kipande cha shina kisicho na ua kwa jirani, sentimita 8 zinatosha, ukichomeke kwenye mchanga wenye unyevu.