Taa ya Upepo wa Tairi: Pima Kwanza, Lalamika Baadaye

Maswali ya safari hii yanahusu ile taa ya manjano ya upepo wa tairi, ambayo karibu kila anayeniandikia huiita ya uongo kabla hajashika geji.

*Mwezi huu wa Julai taa huwaka kila asubuhi nikitoka Kikuyu, na kufikia adhuhuri huwa imezima. Nimeziangalia tairi, zote ziko sawa. Je, mtambo umeharibika? (Msomaji, Kikuyu)*

Mtambo ni mzima. Macho ndiyo hayafai kwa kazi hii, kwa kuwa tairi za siku hizi zinaweza kupungukiwa robo ya upepo na bado zikaonekana zimejaa. Upepo hushuka kwa takriban psi 1 (psi ndicho kizio cha kupimia upepo wa tairi) kila joto linapopungua nyuzi 5 au 6, kwa hiyo tairi iliyojazwa mchana wa nyuzi 25 itakuwa imepoteza psi 2 na ushei alfajiri ya nyuzi 11. Hata hivyo, upungufu huo peke yake hauwashi taa, maana mitambo mingi husubiri hadi karibu robo ya upepo ipotee, yaani tairi ya psi 32 ishuke hadi 24 hivi. Tairi zako zilikuwa zimepungua tangu zamani, na baridi imemalizia tu. Zijaze asubuhi kabla ya safari, kwa kipimo kilichoandikwa kwenye kibandiko cha nguzo ya mlango wa dereva, wala si ile namba ya ubavuni mwa tairi, ambayo ni kikomo cha juu. Nunua na geji yako mwenyewe, kwa sababu zile za vituo vya mafuta huangushwa sakafuni kutwa nzima.

*Nikiwasha gari, taa hupepesa kwa takriban dakika moja kisha inabaki ikiwaka. Gari limetoka Japani mwaka jana, na fundi anataka nibadilishe tairi mbili. (Msomaji, Donholm)*

Badilisha fundi kwanza. Taa inayopepesa hivyo kabla ya kutulia inalalamikia mtambo wenyewe, si upepo. Sensa, yaani kile kifaa kidogo cha kupima upepo kilicho ndani ya gurudumu, hutumia betri iliyofungiwa humo, ambayo hudumu kati ya miaka 5 na 10. Na kwa kuwa Kenya huruhusu magari ya mtumba yasiyozidi umri wa miaka 8, mengi hushushwa Mombasa betri hizo zikiwa ukingoni. Betri haibadilishwi, hivyo hununuliwa sensa nzima, kisha kompyuta ya gari ikajulishwa namba yake. Ukiitafuta kwa wauza vipuri wa Barabara ya Kirinyaga, Nairobi, usiridhike na inayofanana kwa umbo: za magari ya Japani kwa kawaida hutumia masafa ya redio ya megahezi 315 na za Ulaya 433, na yenye masafa tofauti haitasikika na gari lako hata ikikaa vizuri kwenye rimu.

*Naweza kuifunika kwa tepu nyeusi? (Wasomaji wengi mno)*

Hapana, na msiniulize tena.

*Nimejaza upepo kwenye Mazda yangu lakini taa haizimi. (Msomaji, Lang'ata)*

Mazda nyingi hazina sensa ndani ya magurudumu; gari hulinganisha kasi ya mzunguko wa kila gurudumu kupitia mtambo wa breki za ABS (zile zinazozuia magurudumu kujifunga), kwa sababu tairi iliyopungua huzunguka haraka kidogo kuliko wenzake. Ndiyo maana ni lazima, kila unapojaza au kubadilisha tairi, ubonyeze kitufe cha SET na kukishikilia mpaka usikie mlio. Usikibonyeze kabla ya kupima zote nne. Kuna mafundi wa pancha ambao hukibonyeza ili mteja aondoke ameridhika, na gari likachukua upungufu ule kuwa ndiyo hali ya kawaida, likanyamaza tairi ikiendelea kulika kingo.

*Nashuka Mombasa. Nipunguze upepo kwa sababu ya joto? (Msomaji, Kasarani)*

Usipunguze. Geji hupima tofauti kati ya hewa ya ndani na ya nje, na kwa kuwa hewa ya pwani ni nzito kuliko ya Nairobi, kushuka huko peke yake huondoa kama psi 2.5, ambazo joto la pwani huzirudisha karibu zote. Kosa hutokea Mtito Andei, pale dereva anapopima tairi zilizochemka, akakuta zimezidi psi 4 au 5, akazipunguza hadi kipimo cha kibandiko. Asubuhi yake zikishapoa zitakuwa pungufu kwa kiasi kicho hicho, na zikipungua kidogo tena taa itawaka, nami nitapokea barua nyingine kuhusu taa ya uongo.